UZI: Hasara kubwa kwenye ploti na nyumba za kukodisha (Nakuru, Kisumu, Magharibi), zinatoka wapi na zinazuiwaje

Mhasibu_wa_Ploti (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salamu. Nyuzi nyingi humu zinauliza ploti ipi itapanda bei, Kiamunyi au Mbaruk, Riat au Kisian. Huu hauulizi hilo. Huu ni wa zile hasara ambazo zikikupata mara moja hutarudi sokoni tena: hati kufutwa, benki kunadi, maji kuingia na kukaa, jengo zima kubaki bila mpangaji.

Mpangaji kuhama usiku na kodi ya miezi miwili inauma, lakini hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara. Iweke kwenye hesabu uendelee. Hasara ninayoiongelea ni ile ambayo hakuna kodi inayoweza kuifidia.

Kabla hujapiga hesabu ya faida, andika tukio moja baya kabisa linaloweza kuipata ploti hiyo. Weka shilingi mbele yake. Kisha jiulize kama siku hiyo ikifika familia bado ina pa kulala na karo inalipwa. Jibu likiwa hapana, punguza kiasi unachoweka au achana na ploti. Usijifariji kwamba haitatokea. Ardhi haiuziki kwa siku moja kama hisa, kwa hiyo ukishaingia vibaya, kutoka ni kwa bei ya mnunuzi.

Wenye ujuzi wa hati, ujenzi na mikopo, karibuni tuchambue.

---

Jirani_wa_Kibuye

Mkuu, tuanze na mfano. Bedsita 16 Kiamunyi, kodi 6,500 kila moja. Mkopo milioni 6, miaka 10, riba asilimia 14. Benki imeshakubali. Hatari iko wapi hapo?

---

Mhasibu_wa_Ploti

@Jirani_wa_Kibuye hatari ni kwamba umepiga hesabu ya mwezi mzuri.

Vyumba vyote vikijaa, kodi ni 104,000. Marejesho ya milioni 6 kwa asilimia 14 ni kama 93,160 kwa mwezi. Inaonekana inatosha. Sasa pandisha riba hadi 17, maana mikopo mingi ya nyumba hapa kwetu riba yake hupanda na kushuka, na kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 Februari 2024 kabla ya kuanza kushushwa Agosti mwaka huo. Kwa 17, marejesho ni kama 104,280. Yaani kodi yote, bila chumba hata kimoja kuwa wazi, bila balbu kuungua, haitoshi.

Ifanye hesabu kinyumenyume. Anza na mwezi mbaya:

Vyumba 12 kati ya 16 vina watu: 78,000. Toa ushuru wa KRA wa mapato ya kodi, asilimia 7.5 ya kodi yote kabla ya gharama (ndicho kiwango tangu Januari 2024 kwa kodi ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka): 5,850. Toa keteka, maji, taka na ukarabati, tuseme 12,000. Umebaki na 60,150.

Kwa riba ya 17 na miaka 10, kila milioni moja ya mkopo inakula kama 17,380 kwa mwezi. Gawanya 60,150 kwa 17,380, unapata milioni 3.46. Basi mkopo wako usizidi milioni 3.4, hata kama benki inakupa 6. Benki inapima kama itapata pesa zake hata kwa mnada. Kama wewe utabaki na nyumba, hilo si swali lake.

Tenga pia marejesho ya miezi 6 kwenye akaunti ambayo huigusi, kwa mkopo wa milioni 3.4 ni kama 355,000, na ziwepo kabla hujachimba msingi. Na usome kifungu cha dhamana. Kukiwa na maneno yanayosema dhamana inalinda madeni yako yote ya sasa na ya baadaye, hati ya jengo hili inaweza kushikwa kwa sababu ya mkopo wa gari. Omba kiondolewe. Hati ya boma usiipeleke benki kwa ajili ya ploti ya biashara, hata afisa akikuambia ni utaratibu tu.

---

HatiSafi

Hesabu nzuri, ila zote zinakufa kama hati ni mbovu. Mkopo mbaya unakula pole pole. Hati mbovu inakula yote siku moja.

Watu wanadhani ukishapata hati yenye jina lako umemaliza. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hati inaweza kupingwa kwa ulaghai unaomhusu mwenye hati, au kama ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Aprili 2023, kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya nia njema ikiwa chimbuko la hati lilikuwa ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Mwaka huo huo, kwenye kesi ya Torino Enterprises, ikasema barua ya ugawaji peke yake si umiliki. Kwa hiyo anayekuuzia ploti ya mjini kwa barua ya kaunti anakuuzia matumaini.

Sachi ya kawaida, yaani upekuzi wa sajili ya ardhi, inakuonyesha mwenye ardhi leo. Wewe unataka alikotoka. Omba nakala ya kadi ya kijani, yaani rekodi ya sajili yenye historia ya ardhi, usome maingizo kutoka la kwanza. Ukiona hati mpya iliyotolewa badala ya "iliyopotea" muda mfupi kabla ya kuuzwa, simama. Sheria inataka tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 60 za kungoja pingamizi, kwa hiyo litafute tangazo hilo ulisome. Ukiona ardhi imebadilisha mikono mara tatu kwa mwaka mmoja, ondoka. Ukiona mmiliki wa kwanza alikuwa halmashauri, reli, shule au msitu, mpe wakili afuate chimbuko kabla hujalipa hata shilingi ya "kushikilia". Ardhi ya reli si hadithi: Kibos, Februari 2021, nyumba za watu walioishi pale vizazi kadhaa zilibomolewa.

Kisha savea (mpima ardhi) wako, si wa muuzaji. Achukue ramani ya usajili na fomu ya mgawanyo, atafute bikoni (alama za mipaka) ardhini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465. Hati ikisoma 0.037, hiyo ni 40 kwa 100, na dalali atakuambia "ni makosa ya kuchapa". Kuna pia ploti ambazo namba yake ni halali kabisa lakini uliyoonyeshwa ni ya jirani. Hilo hutokea sana kwenye mashamba yaliyokatwakatwa upande wa Njoro, Rongai na Bahati, ambako kila ploti inafanana na nyingine na bikoni zimeng'olewa na trekta.

Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili, na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako kama deni, kutoka kwa mtu ambaye ameshazila. Mke au mume wa muuzaji aje mbele ya bodi ana kwa ana. Barua yenye sahihi yake haitoshi.

Amana iwe asilimia 10, ikae kwa wakili kama mshika amana hadi uhamisho ukamilike. Usimtumie muuzaji kwa M-Pesa.

---

Mulembe_254

Mulembe wadau. @HatiSafi, huku Kakamega na Vihiga ardhi nyingi bado ina jina la babu aliyekufa. Wana wote wamekubali kuuza, chifu ameandika barua, wazee wameshuhudia. Bei ni nusu ya soko. Hiyo nayo?

---

HatiSafi

@Mulembe_254 bei ni nusu kwa sababu unanunua kesi.

Sheria ya Urithi, kifungu cha 82, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya barua za usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Anayeuza kabla hajapata barua hizo anaingilia mali ya marehemu, na kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa la jinai. Barua ya chifu inasaidia kufungua faili ya urithi, haihamishi ardhi. Subiri cheti cha uthibitisho chenye orodha ya warithi na mgao wa kila mmoja. Hesabu majina. Binti walioolewa wamo? Mjane wa pili yumo? Mtoto aliyeko Nairobi ambaye "hana shida" amesaini?

Hata jina likiwa la muuzaji aliye hai, amana ya kimila (haki ya familia au ukoo juu ya ardhi) inaweza kuifunga ardhi bila kuandikwa kwenye sajili. Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo 2018, na ikasema anayedai si lazima awe anaishi juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo tembea shambani. Makaburi, hata yale yasiyo na saruji ambayo yanajulikana kwa mti au mkonge uliopandwa kando, yanakuambia hapa ni nyumbani kwa watu. Waulize majirani wawili ambao hawajuani na dalali.

---

FundiMsingi

Mmesahau udongo na maji. Karatasi zinaweza kuwa safi kama maziwa na jengo bado likapasuka.

Kisumu. Kuanzia Nyamasaria kwenda Ahero, na sehemu kubwa ya Manyatta na Nyalenda, ni udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea wakati wa kiangazi. Nenda ukaitazame ploti Januari au Februari, utaona nyufa za kuingiza kiganja. Nenda tena masika, uone maji yanakaa siku ngapi. Angalia kuta za majirani: ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali ni msingi unaosogea. Dawa kwa jengo la chini ni kuchimba udongo mweusi hadi ardhi ngumu au murram, kujaza murram kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka ikishindiliwa kwa mashine na si kwa miguu ya vibarua, kisha bimu ya chini yenye nondo. Ukichimba mita moja na nusu bado ni mweusi, gharama inabadilika kabisa, unahitaji mhandisi wa miundo na pengine msingi wa slebu nzima au nguzo ndefu. Chimba mashimo mawili ya majaribio kabla ya kununua. Vibarua wa siku moja ni bei ndogo mno ukilinganisha na kuvunja.

Riat na Kajulu ni kinyume: mwamba na mteremko. Msingi ni imara lakini kuvunja mawe kunakula bajeti, na ukuta wa kuzuia udongo si wa kukadiria kwa macho.

Maji. Mito ya Nyando, Kibos na Auji ina historia ndefu ya kufurika. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango kisichoonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Kanuni za maji zinataka nafasi ya kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya juu kabisa ya maji, kutegemea upana wa mto. Pima kutoka alama hiyo, si kutoka maji yalipo siku ya kiangazi unapotembezwa.

Nakuru nako Ziwa Nakuru lilifika kwenye nyumba za Mwariki, na Naivasha mtaa wa Kihoto umekaa ndani ya maji. Maji ya maziwa haya hayarudi wiki ijayo kama mafuriko ya mto. Hukaa miaka. Hapo huuzi, hukodishi, na mkopo unaendelea.

Halafu ardhi ya Nakuru ni jivu la volkano juu ya mipasuko inayoelekea kaskazini-kusini. Mvua kubwa au bomba linalovuja husomba jivu chini kwa chini, juu panaonekana salama mpaka siku panapodidimia. Tafuta dalili kwa mstari: barabara iliyozibwa mara kwa mara mahali pale pale, bonde jembamba linalopita ploti kadhaa, ukuta wa jirani uliopasuka usawa huo huo. Shimo la kunyonya maji machafu lisiwe karibu na msingi, na maji ya paa yasimwagwe pembeni ya ukuta. Ukiona mstari unapita katikati ya ploti, usijenge ghorofa.

---

DadaMilimani

Asante @FundiMsingi. Na hosteli za wanafunzi? Maseno, Egerton kule Njoro, Masinde Muliro. Zinajaa muhula ukianza, na kodi inalipwa yote mwanzoni.

---

Mhasibu_wa_Ploti

@DadaMilimani zinajaa zote pamoja na zinakauka zote pamoja, dada. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa, na hosteli pamoja na bedsita za geti la chuo zote zikakosa kodi kwa mpigo. Hata bila janga, mgomo unafunga chuo wiki kadhaa, na kozi ikihamishiwa bewa lingine wapangaji wanaenda nayo. Kama unajenga hosteli, hesabu kodi ya miezi 8 kwa mwaka, si 12. Na uchore vyumba viweze kugeuka: kila vyumba viwili vyenye ukuta usiobeba uzito kati yao, bomba la jikoni likiwa limeachwa tayari, vinageuka nyumba ya chumba kimoja cha kulala ya kupangisha mwalimu au muuguzi. Jengo lenye vyumba 40 na choo kimoja cha pamoja kila ghorofa halina maisha ya pili.

Ni yale yale kwa mpangaji mmoja mkubwa. Supamaketi ya Nakumatt, jina lililotokana na Nakuru Mattresses, ilizimika kabisa 2020. Tuskys nayo, mtoto wa Nakuru vilevile, ikafuata njia hiyo na kuacha wenye majengo na malimbikizo. Mpangaji mmoja asizidi theluthi moja ya kodi yako yote. Na ukikodisha duka bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, sheria ya Sura 301 inamlinda mpangaji: hufungi kufuli tu, unatoa notisi ya angalau miezi miwili na mgogoro unaenda kwenye jopo la kodi za biashara. Wakati huo mara nyingi kodi hailipwi.

---

Mzee_Njoro

Nyinyi vijana mnajisumbua. Nunua kwa pesa taslimu, usikope, hakuna wa kukunadi. Kwisha.

---

Mhasibu_wa_Ploti

@Mzee_Njoro shikamoo. Kwa upande wa mnada uko sawa kabisa. Lakini mtu anayeweka milioni 5 za kustaafu zote kwenye ploti moja kwa pesa taslimu hajaondoa hatari, amehamisha tu kutoka benki hadi kwenye hati na udongo. Kuna pia tabia ya mwenye pesa taslimu: kwa kuwa hakuna benki, hakuna mthamini, hakuna wakili wa benki anayekagua hati, anaruka hatua zote. Mkopaji angalau analazimishwa. Ukinunua taslimu, mlipe mthamini na wakili wako vilevile, na ploti moja isizidi nusu ya ulicho nacho.

---

Mzee_Njoro

Marahaba. Hilo la wakili nakubali. La nusu, mwenye milioni moja atanunua nini?

---

Mhasibu_wa_Ploti

Sehemu, mzee. Ndugu wawili au watatu wenye mkataba wa maandishi na majina yote kwenye hati, kila mmoja na sehemu yake imetajwa kwa asilimia. Bila hayo akae kwenye sacco kwanza.

---

HatiSafi

Niongeze kuhusu mnada, maana wengi hukimbia simu za benki na ndipo wanapopoteza. Ukikosa kulipa mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi ya miezi mitatu. Ukishindwa, inafuata notisi ya kuuza ya siku 40. Kisha dalali wa mnada anatoa siku 45 za kukomboa. Ukijumlisha una karibu miezi sita. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kuuza mwenyewe kwa bei ya soko kwa idhini ya benki, au kuomba muda wa mkopo urefushwe. Benki inatakiwa kufanya uthamini kabla ya kuuza, na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinakupa msingi wa kulalamika mahakamani. Lakini kumbuka, mnada usipofikia deni, salio bado ni lako.

---

Jirani_wa_Kibuye

Na bima? Ajenti anasema bima ya moto inatosha.

---

Mhasibu_wa_Ploti

Haitoshi, hasa Kisumu. Fujo za kisiasa mara nyingi huwa nje ya bima ya kawaida ya moto. Unaomba nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi, na uiombe mapema, si wiki ya maandamano. Uliza kwa maandishi kama mafuriko na kudidimia kwa ardhi yamo. Ongeza bima ya kodi inayopotea, angalau miezi 12.

Kiasi cha bima kiwe gharama ya kujenga upya, bila ardhi. Ukipunguza ili ulipe kidogo, unaadhibiwa: jengo la milioni 10 ukiliwekea bima ya milioni 6, hasara ya milioni 2 unalipwa milioni 1.2 tu.

---

Mulembe_254

Swali la mwisho kwangu. Kampuni inauza ploti kwa awamu, miezi 24, hati baadaye. Nijilinde vipi?

---

HatiSafi

Anza na hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla ya kugawanywa. Fanya sachi yake mwenyewe. Ikiwa iko benki, ploti yako ni sehemu ya dhamana ya mkopo wao. Taka barua ya benki inayokubali kuachilia ploti yako ukimaliza kulipa. Uliza kama mgawanyo umeidhinishwa na ploti yako ina namba yake tayari, au ni mstari tu kwenye mchoro wa rangi.

Kisha sajili kizuizi (caution) kama mnunuzi chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, kwa fomu, kiapo, nakala ya kitambulisho na mkataba. Baada ya wiki chache fanya sachi nyingine uone kama kizuizi kimeandikwa kweli, kwa sababu risiti ya ada si usajili. Kampuni ikikukataza kuweka kizuizi kwa sababu "inachelewesha wateja wengine", inamaanisha wanataka ardhi ibaki huru kuuzwa au kukopewa. Ikifilisika ukiwa huna kizuizi, uko kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki.

Na siku ya kulipa awamu ya mwisho, sachi tena asubuhi hiyo hiyo, kabla ya pesa kutoka.